Betri mpya, laptopu bado inazima: pa kuanzia kabla hujamlaumu muuzaji

Laptopu ilikuwa haikai dakika tano bila chaja. Ukaagiza betri Kariakoo, ikafika na basi, fundi wa Mwanjelwa hapa Mbeya akaifunga, mambo yakawa safi. Halafu siku moja uko katikati ya kazi, kona ya kioo inasoma asilimia 38, mashine inazima. Haikuonya wala haikuaga. Ukichomeka chaja inawaka kana kwamba hakuna kilichotokea.

Neno la kwanza linalomtoka kila mtu hapo ni "feki". Inawezekana kabisa ni feki. Lakini betri mpya hubebeshwa pia dhambi zisizo zake: soketi ambayo haikukaa vizuri, waya wa feni uliosahauliwa wakati wa kufunga, chaja dhaifu, hata sumaku ya kava la simu. Upande wa pili kuna betri mbovu kweli, ambayo mwenye nayo anaambiwa "izoeshe tu, itakaa sawa", naye anaizoesha mpaka muda wa waranti unapita. Waranti za vipuri mitaani kwetu ni fupi, kwa hiyo jibu unalihitaji wiki hii.

Inazima vipi hasa?

Mtu akiniambia "inazima", namuuliza inazimaje. Hapo ndipo nusu ya kazi ilipo.

Kama kioo kinaandika kwamba kinafunga, au ukiiwasha tena unakuta kazi zako ziko wazi pale pale ulipoziacha, basi mashine imejizima kwa makusudi. Windows imeona chaji imefika kiwango cha hatari, ikahifadhi kila kitu, ikalala. Umeme haukukatika. Ama chaji imeisha kweli, au kuna hesabu imekosewa.

Kama kioo, feni na taa vimekufa kwa pigo moja, umeme wenyewe umekatika. Hapa ndipo betri, soketi na waya vinaposhukiwa.

Kama kioo ni cheusi lakini taa ya kuwashia inapepesa, haijazima, imelala. Laptopu nyingi hutambua kufungwa kwa kioo kwa kutumia sumaku ndogo, na kava la simu lenye sumaku likilazwa pembeni mwa kibodi linatosha kuidanganya. Sogeza simu, jaribu tena.

Na kama kinatokea kioo cha bluu chenye maandishi, au mashine inajiwasha upya yenyewe, betri iweke mwisho kwenye orodha ya washukiwa.

Hukuwepo ilipozima? Windows inatunza kumbukumbu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, chagua Event Viewer, ingia Windows Logs, kisha System. Utakuta tukio namba 41 la Kernel-Power. Watu wakiliona hilo neno Power hushangilia kwamba wamemkamata mwizi, kumbe tukio hilo linasema tu kwamba mashine imewaka bila kuwa imezimwa vizuri kabla yake. Lifungue upande wa Details, utafute BugcheckCode. Ikiwa ni 0, Windows haikuanguka kwa kosa lililonaswa: umeme ulikatika, au mashine iliganda, au mtu alishikilia kitufe cha kuwashia. Ikiwa ni namba nyingine, Windows ndiyo iliyoanguka, na safari yako ni ya madereva (programu zinazoendesha vifaa vya mashine) na memori, si ya betri. Tukio namba 1074 maana yake kuna mtu au programu iliyoagiza mashine izimwe. Namba 42 maana yake ilikuwa inaingia usingizini.

Itoe Windows kwenye kesi

Hiki ni kipimo cha bure na kinaokoa mabishano mengi. Washa mashine huku ukigonga kitufe cha kuingilia BIOS, yaani menyu ya mashine yenyewe inayokuja kabla ya Windows: F2 kwa Dell, Acer na Asus nyingi, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad. Ukishaingia, chomoa chaja, iache ikae humo kwenye menyu, endelea na mambo yako. Humo hakuna Windows, hakuna dereva, hakuna kirusi.

Ikifa ikiwa BIOS, tatizo ni la vifaa, na hakuna kufomati kutakakokusaidia. Ikidumu humo saa nzima na zaidi lakini ikifika Windows inazima, rudi kwenye kumbukumbu za juu na mipangilio ya nishati. Usishangae tu ikiwa na joto kidogo, kwa sababu BIOS haina zile mbinu za kubana matumizi ambazo Windows inazo.

HP na Dell wana pia vipimo vyao vya betri vinavyofanya kazi kabla ya Windows kuwaka. Kwa HP gonga F2 unapowasha, kwa Dell gonga F12 kisha chagua Diagnostics. Vitumie, lakini kipimo kikisema betri ni nzima usikichukulie kama hukumu ya mwisho. Kinasoma yale ambayo chipu ya betri imeamua kukiambia.

Ukichomoa chaja tu, inakufa hapo hapo

Betri inasoma asilimia 100, ukichomoa chaja giza. Hili huwachanganya watu: kama betri haijashika, mbona asilimia inaonekana?

Angalia kichwa cha waya wa betri kwa karibu. Kina nyaya za aina mbili. Zile nene, kwa kawaida nyeusi na nyekundu pembeni, ndizo zinazobeba umeme. Katikati kuna nyaya nyembamba zinazobeba mazungumzo tu: chipu ya betri inaieleza mashine imejaa kiasi gani, ina joto kiasi gani, imetengenezwa na nani. Kichwa kikikaa upande, nyaya nyembamba zinaweza kugusa na zile nene zisiguse sawasawa. Mashine inaiona betri, inaisifia kwa asilimia 100, lakini haiwezi kunywa kutoka kwake.

Fungua kava la chini, chaja ikiwa imechomolewa. Washa tochi ya simu uimulike soketi kutoka ubavuni, si kutoka juu. Ukitazama kutoka juu kila kitu kinaonekana kimekaa. Ukimulika kutoka ubavuni ndipo unapoona upande mmoja umeinuka kwa unene wa ukucha. Chomoa kichwa chote, tazama pini moja moja kama kuna iliyolala, kisha kirudishe kwa kusukuma pande zote mbili kwa pamoja kwa vidole, bila bisibisi. Kuna vichwa vinavyoingia kwa kuteleza kuelekea bodi, na vingine kwa kushindiliwa chini. Ukikosea aina, unavunja soketi, na soketi iliyovunjika ni kazi ya kuchomelea ambayo gharama yake inaweza kuipita betri.

Ukiwa umefungua, tazama mambo mengine mawili. Nyaya za betri zisipite juu ya tundu la skrubu wala kubanwa na kava, kwa sababu laptopu inayozima ukiibeba kwa kona moja au ukiegemeza kiganja karibu na padi ya kugusa ina kitu kinachobanwa. Na skrubu zirudi kwenye matundu yake: iliyo ndefu ikiingia palipo pa fupi inaweza kufika kwenye bodi.

Kwa laptopu za zamani ambazo betri inachomekwa kwa nje, kazi ni rahisi zaidi. Futa vidole vya shaba kwa kitambaa chenye spiriti, hakikisha kitasa kimelia "ta!", kisha itikise betri kwa mkono. Betri ya kopi mara nyingi ina plastiki iliyopungua milimita kidogo, inacheza. Hiyo ni sababu tosha ya kuirudisha.

Inazima ikifika 50, 40 au 30

Hili ndilo lililojaa mitaani, na ndilo linalotaka uvumilivu.

Asilimia unayoiona si kipimo cha moja kwa moja. Hakuna kijiti ndani ya betri kinachoonyesha imebaki kiasi gani. Kuna chipu inayohesabu umeme ulioingia na uliotoka, inalinganisha na volti, kisha inatoa makadirio. Kwa hiyo kuzima mapema kuna baba wawili tofauti. Wa kwanza: seli ni nzima lakini chipu imekosea hesabu, chaji imeisha kweli wakati yenyewe inadhani imebaki robo. Wa pili: hesabu iko sawa lakini kuna seli dhaifu ambayo volti zake zinaporomoka ikipewa mzigo.

Huyo wa pili ni mjanja. Betri ya laptopu ina seli zilizofuatana, mara nyingi makundi matatu au manne. Ndani yake kuna ulinzi unaotazama kila kundi peke yake, na kundi lolote likishuka mpaka kati ya volti 2.5 na 3 kutegemea betri, ulinzi unakata betri nzima hata kama makundi mengine yamejaa. Ni jozi ya ng'ombe wa kulimia: mmoja akilala, jembe limesimama, haijalishi mwenzake ana nguvu kiasi gani.

Kuwatofautisha hawa wawili hakuhitaji kifaa cha gharama. Jaribu mara mbili. Mara ya kwanza tumia mashine kwa kazi nyepesi, kuandika tu huku mwanga wa kioo ukiwa chini, uone inazima asilimia ngapi. Mara ya pili ipe mzigo: mwanga hadi mwisho, video inacheza, na wakati huo huo unabana folda kubwa kuwa zip. Ikizima karibu asilimia ile ile mara zote mbili, mshukiwe chipu wa hesabu. Ikizima kwenye 15 ukiandika na kwenye 45 ukiipa mzigo, seli ni dhaifu.

Kipimo cha pili: ikizima, iwashe tena hapo hapo bila chaja. Ikiwaka, ikasoma asilimia 35 na kukaa nusu saa nyingine, chaji haikuwa imeisha, volti ziliporomoka kwa muda au waya unalegea. Ikigoma kabisa mpaka uchomeke chaja, mara nyingi ilikuwa imeisha kweli, ingawa kuna betri ambazo ulinzi wake ukishakata hauachii mpaka uone chaja.

Ukitaka namba, HWiNFO ni programu ya bure na inaonyesha volti za betri sekunde hadi sekunde. Soma kwanza stika. Volti 7.4 au 7.6 ni seli mbili mfululizo, 10.8, 11.1 au 11.4 ni tatu; 14.4, 14.8 au 15.2 ni nne. Chukua betri ya seli tatu ikiwa asilimia 40. Ikiwa imetulia, kila seli inapaswa kuwa karibu volti 3.6 au 3.7, yaani jumla kama volti 11. Mzigo ukija, zishuke kidogo, sehemu ya kumi chache za volti, zitulie hapo. Ukiona 11 inaruka hadi 9 na kitu, halafu giza, umeshapata jibu, na picha ya kioo hicho ndiyo ushahidi wako.

Kisha toa ripoti. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, bonyeza Enter. Windows itakuandikia faili limehifadhiwa wapi, ulifungue kwa kivinjari. Pale juu, penye Installed batteries, soma mistari mitatu. DESIGN CAPACITY ni uwezo ambao betri inadai ilizaliwa nao. FULL CHARGE CAPACITY ni ule inaoweza kubeba sasa. CYCLE COUNT ni mizunguko ya kuchaji iliyopita. Betri iliyoandikwa volti 11.1 na mAh 4,400 inapaswa kusoma karibu mWh 48,840, kwa sababu ni kuzidisha tu volti kwa mAh. Betri "mpya" yenye mizunguko 200 si mpya. Betri "mpya" ambayo FULL CHARGE imeshuka hadi nusu ya DESIGN si mpya pia, au ilikaa stoo mpaka ikazeeka. Ila CYCLE COUNT ikiwa 0 au kistari, usishangilie: chipu inaweza kufutwa kumbukumbu, na nyingine haziripoti kabisa.

Shuka chini hadi Recent usage, utaona asilimia kila mashine ilipoamka, ilipolala au ilipobadilisha chanzo cha umeme. Chaji inayoshuka 52, 47, 41, kisha ghafla 6, ni betri inayojichanganya. Chaji inayoishia 41, kisha mstari unaofuata ni wa chaja, ni umeme uliokatika bila mashine kujua unakuja.

*Kuipanga upya hesabu*

Kama vipimo vimeelekeza kwa chipu, fanya hivi. Chaji hadi 100, iache kwenye chaja saa mbili zaidi. Zuia mashine isilale, weka hatua ya chaji ya hatari iwe Hibernate (mashine ihifadhi kazi na kujizima), kisha itumie bila chaja mpaka ijizime. Iache ipumzike saa kadhaa. Halafu chaji moja kwa moja hadi 100 bila kukatisha. Mkoani kwetu umeme unaweza kukuharibia hatua hiyo ya mwisho, kwa hiyo chagua siku isiyo na tangazo la matengenezo ya TANESCO.

Fanya mara moja, mbili ukipenda. Ikiendelea kuzima baada ya hapo, usidanganywe tena na "izoeshe". Ile habari ya kuchaji saa nane au kumi na mbili kabla ya kutumia mara ya kwanza ni urithi wa betri za nikeli. Litiamu haihitaji kuzoeshwa, na kuimaliza hadi sifuri kila mara kunaichosha.

*Stika inayojisifu*

Betri za nje za umbo la zamani zina seli za duara zinazoitwa 18650, yaani milimita 18 kwa upana na 65 kwa urefu. Seli nzuri za aina hiyo zinazopatikana kwa kawaida zinaishia karibu mAh 3,500. Betri ya seli sita hupangwa tatu mfululizo kwa jozi, kwa hiyo hata ukiweka seli bora kuliko zote utapata mAh 7,000. Stika inayoandika 7,800 au 9,000 kwenye umbo la seli sita inasema uongo, na anayeongopa hapo sijui kwa nini umwamini kwenye mengine.

Mizani nayo inasema. Seli moja ya 18650 ina gramu 45 hivi au zaidi kidogo, kwa hiyo sita peke yake, kabla ya plastiki, zinavuka gramu 260. Kwa betri bapa za ndani hesabu hiyo haifanyi kazi, lakini unayo ile ya zamani uliyotoa, na betri haipungui uzito kwa kuzeeka. Zipeleke zote mbili kwa mama wa dukani mwenye mizani ya kidijitali. Stika zinasema Wh (uwezo) sawa na mpya ni nyepesi kwa robo? Kuna kitu hakimo ndani.

Inazima asubuhi tu

Hii ni ya kwetu huku juu. Mwalimu mmoja wa Makete alinipigia mwezi wa saba. Betri alikuwa ameiagiza mwenyewe, mchana haina shida, asubuhi ofisini inawaka mpaka kwenye nembo ya Windows kisha inakufa, na asilimia zipo 60.

"Mwalimu, usiku unaiacha wapi?"

"Hapo hapo ofisini, kabatini."

"Leo lala nayo chumbani, kesho uniambie."

Kesho yake ikawaka vizuri.

Baridi inafanya umeme utembee kwa shida ndani ya seli, volti zinaporomoka zaidi mzigo ukija, na kuwaka kwa Windows ni mzigo mkubwa. Mwezi wa sita na wa saba uwanda wa Kitulo, ulio karibu mita 2,600, hupata jalidi, na vijiji vya pembeni yake si vya kuchekea. Lakini nilimwambia pia jambo ambalo hakulipenda: betri nzima haifi kwa baridi ya kabatini. Baridi haikuiharibu, imeianika tu. Ile ile ikipewa mzigo mchana itazima pia, na ilipopimwa ikazima.

Mashine ikitoka kwenye baridi iache ipate joto la chumba kwanza, usiisogeze kwenye jiko la mkaa. Na usishangae ikikataa kuchaji. Betri za litiamu hazitakiwi kuchajiwa chini ya nyuzi 0, na nyingi hupunguza kasi hata kabla ya kufika huko.

Kuna wanaouliza kama ni mwinuko. Mbeya mjini ni kama mita 1,700, na watengenezaji wakubwa huandika kwamba mashine zao zinafanya kazi hadi mita 3,048. Sahau mwinuko.

Inazima hata ikiwa kwenye chaja

Hapa betri ina haki ya kutetewa. Zima mashine, chomoa kichwa cha betri, washa kwa chaja peke yake. Laptopu nyingi zinakubali. MacBook inakuwa ya polepole bila betri, hiyo ni kawaida yake. Ikizima vile vile bila betri, betri haina kesi.

Anza na joto. Kava lilifunguliwa, na waya wa feni uko jirani na waya wa betri kwenye mashine nyingi. Weka sikio: feni inazunguka? Hewa inatoka ubavuni? HWiNFO inaonyesha pia joto la prosesa. Za Intel nyingi zina kikomo cha nyuzi 100. Zikikaribia hapo zinapunguza kasi, na zisipopoa mashine inajizima kujiokoa. Kama fundi aligusa bomba la shaba la kupozea, paka upya ile grisi yake, usirudishie iliyokauka.

Kisha soma chaja. Nambari zilizo mbele ya OUTPUT, zidisha. Volti 19.5 mara ampea 3.34 ni W 65, volti 19.5 mara 2.31 ni W 45. Mashine inayohitaji 65 ikipewa 45 huwa inajazia pengo kutoka kwenye betri. Betri ikiwa dhaifu au haijakaa, pengo halijazwi, na mashine inazima kazi ikiwa nzito. Dell ina ukaidi wake: pini nyembamba katikati ya kichwa cha chaja ndiyo inayoitambulisha, na ikivunjika mashine inakuwa ya polepole na haichaji, huku mwenye nayo akiilaani betri mpya.

Kipimo kingine kinatolewa bure na umeme wetu. Chaja nyingi zinapokea volti 100 hadi 240, hivyo umeme kupungua peke yake hakuiangushi laptopu yenye betri nzima. Kama kila taa zikipepesa mashine inakufa, betri haibebi chochote. Rudi kwenye soketi.

Haiwaki kabisa baada ya kufungwa

Kabla ya kuogopa, chomeka chaja. Betri nyingi mpya husafirishwa zikiwa zimelazwa, hazitoi umeme mpaka zione chaja mara ya kwanza. ThinkPad nazo zina kipengele BIOS cha kuzima betri ya ndani kabla ya kufungua, na ni chaja hiyo hiyo inayoiamsha. Ikigoma bado, chomoa chaja na betri, shikilia kitufe cha kuwashia nusu dakika hadi dakika moja, rudisha, jaribu tena. Kwenye baadhi ya ThinkPad ukiona ujumbe kwamba betri haitambuliwi na haitachajiwa, hilo halitibiki kwa kuisugua: mashine inakataa chipu ya kopi.

Betri iliyobadilishwa seli

Wapo mafundi wanaofungua betri ya zamani, wanatoa seli zilizokufa na kuchomelea mpya. Ni nafuu, na kwa mashine ambayo betri yake haipatikani tena inaeleweka. Shida ni kwamba chipu inabaki na kumbukumbu za seli za zamani. Imekariri kwamba betri hii ni ya nusu saa, kwa hiyo inazima mapema hata kama seli ni mpya, na kupanga upya hesabu kunasaidia kiasi. Nyingine zikikatiwa umeme wakati wa kuchomelea zinajifunga moja kwa moja. Na seli zilizookotwa kutoka betri tofauti hazilingani, mmoja atalala tu. Binafsi siwezi kumshauri mtu aichaji betri ya namna hiyo usiku akiwa amelala.

Ukiirudisha

Betri iliyovimba haina mjadala wala vipimo. Dalili yake ni padi ya kugusa inayoinuka au kava lisilofunga. Izime, itoe, usiitoboe, usiitupe kwenye shimo la kuchomea taka, iweke nje pakavu mbali na vitu vinavyoshika moto mpaka uikabidhi.

Kwa nyingine, muuzaji wa mbali hana muda wa hadithi. Mtumie picha ya stika, picha ya ile ripoti ya Windows, na video fupi ya mashine ikizima huku volti zikionekana. Ujumbe uwe mfupi: "Kaka, habari za kazi. Betri ya HP niliyochukua kwako Jumanne inazima ikiwa asilimia 40. Soketi imekaguliwa, bila Windows inazima pia, chaja ni ya W 65. Volti zinashuka kutoka 11 hadi 9 ikipewa mzigo, video hii hapa. Naomba nikurudishie kwa basi la kesho unibadilishie." Hujamwita tapeli, na hana pa kukwepea.

Wakati unasubiri, kama kazi haiwezi kulala, fungua Control Panel, ingia Power Options, kisha mipangilio ya ndani ya Battery, upandishe Critical battery level iwe juu ya pale inapozimia. Ikizima 38, weka 45, na hatua iwe Hibernate. Mashine itahifadhi kazi yako na kulala kabla betri haijakata. Hilo linafanya kazi kwa matumizi mepesi tu. Ukiwa na mzigo mzito kaa kwenye chaja, na uhifadhi faili kila baada ya ukurasa.